Ndege za Vita na Milima katika Picha

Wachoraji wengi wa ndege za vita hupenda kuweka milima nyuma ya ndege zao. Mlima huonyesha ukubwa wa anga, na theluji hulitokeza bawa. Lakini chini ya milima hiyo mara nyingi hapachorwi hata kibanda. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Asimamaye Nyundo, penye shule ya sanaa, akielekea upande wa Nyiragongo, huona vilima vilivyojaa mashamba na mapaa. Tarehe 24 Januari 2023 ndege ya Kongo aina ya Sukhoi-25 ilishambuliwa na Rwanda karibu na mpaka wa Goma na Gisenyi, ikatua Goma ikiwaka moto. Waliokuwa chini waliiona. Tuwafundishapo wanafunzi picha za namna hii, tuwaulize kwanza: watu wako wapi?