Mama Atim Yumo Kati Yetu

Wazee walisema: Ulimi hauna mfupa. Maana yake twaijua sote. Kitu kisicho na mfupa hugeuka huku na huku, nacho hupita hata penye tundu dogo. Leo nataka kuwaelezeni habari za hadithi tatu: moja ya Uganda, moja ya Kenya, na moja ya Marekani. Zote tatu zasimulia vijana wanaokua mjini, ambao mioyo yao yavutwa na wenzao wa jinsia moja. Najua wengine watashangaa kuliona jambo hili katika gazeti letu. Nawaomba wasome mpaka mwisho, ndipo wanilaumu.

Mimi ni katekista. Nimefundisha watoto katika vilima vya Masisi, na tena upande wa Walikale, ambako njia huingia msituni. Vijana wetu hawakai tena kijijini. Wengine walikwenda zamani: Rubaya na Bisie kwenye machimbo, au Goma kutafuta masomo na kusukuma chukudu. Wengine walikimbizwa na vita, iliyoutwaa mji wa Masisi Januari 2025, ikafika Walikale mwezi wa Machi mwaka uleule. Huko mjini huona filamu katika simu na kuazimana vitabu. Wakirudi, huuliza maswali. Nami nilijiambia: Mwalimu asiyejua wanafunzi wake wanasoma nini, atawajibu nini?

Hadithi ya kwanza yaitwa Jambula Tree, yaani mti wa mzambarau. Mwandishi wake ni Monica Arac de Nyeko, mzaliwa wa Kitgum, kaskazini ya Uganda. Ilichapishwa mwaka 2006 katika kitabu cha hadithi za mapenzi za Afrika kilichokusanywa na Mama Ama Ata Aidoo wa Ghana. Mwaka 2007 ilipata tuzo ya Caine, wala kabla yake hapakuwa na Mganda aliyeipata. Imeandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilisomewa na mwenzangu aliyekaa Kampala: yeye alisoma ukurasa, akanieleza kwa Kiswahili, nami nikauliza, kisha tukaendelea.

Ni hadithi fupi yenye umbo la barua. Anyango anamwandikia Sanyu, rafiki yake wa utoto. Walikulia pamoja Nakawa, katika mtaa wa nyumba zilizojengwa wakati wa serikali ya Waingereza hapo Kampala. Usiku mmoja, wakiwa wasichana, jirani yao Mama Atim aliwakuta chini ya mzambarau. Haikuchukua muda mtaa mzima ukajua. Sanyu akapelekwa London. Anyango akabaki na mama yake, akaishi kati ya macho ya watu. Miaka imepita, sasa asikia kwamba Sanyu anarudi. Na anayemletea habari hiyo ni Mama Atim mwenyewe.

Uzuri wa hadithi hii ni kwamba haibishani na mtu. Anyango hatoi hotuba, wala hamwombi msomaji akubali jambo lolote. Anamkumbusha mwenzake mtaa wao, na akina mama waliowawekea binti zao matumaini makubwa. Nasi twasikiliza kama mtu aliyeketi chumba cha pili. Mwandishi asingefanya hivyo kama angetaka kushinda mabishano tu. Yeye ataka tujue uzito wa kukaa miaka mingi mahali ambapo kila jirani anakujua kwa jambo moja.

Nyumba zile za Nakawa hazipo tena. Mwaka 2011 wenyeji waliondolewa, nyumba zikabomolewa. Sisi tuliokimbia mara nyingi twaelewa jambo hilo kuliko wengine. Mahali huweza kufutwa, lakini neno lililosemwa juu ya mtu humfuata hata baada ya mahali penyewe kutoweka.

Hadithi ya pili ni filamu iliyotokana na ile ya kwanza. Yaitwa Rafiki, nayo ilitengenezwa na Wanuri Kahiu wa Kenya. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika mashindano ya Cannes, Ufaransa. Mwaka huohuo ofisi ya serikali inayokagua filamu iliipiga marufuku nchini kwake. Mtengenezaji alieleza kwamba alitakiwa kuubadili mwisho, ili msichana aonekane akijuta. Alikataa. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu, na watu wakajaa katika ukumbi.

Humo wasichana waitwa Kena na Ziki. Kena hucheza mpira na wavulana, tena ni mwenye akili. Ziki huvaa nywele za rangi nyingi na hucheka ovyo. Baba zao wanashindana katika uchaguzi wa mtaa. Mama Atim yumo humu pia, naye ana kibanda cha chakula ambapo kila mtu hupita, na kila habari hulala. Jina la filamu lina uchungu wake, maana wasichana hawa hawana neno lingine la kuitana mbele za watu ila hilo: rafiki. Siri inapojulikana, kundi la watu linawavamia na kuwapiga. Ziki naye anapelekwa London. Kena anapelekwa na mama yake kanisani, na mchungaji pamoja na waamini wanamwombea kwa sauti kubwa, kana kwamba wanafukuza pepo.

Hapa naona kasoro. Watu wa kanisa katika filamu hii wana uso mmoja tu, uso wa kelele. Wako wasali wa namna hiyo, sikatai. Lakini mimi nimeishi parokiani tangu utoto, nami nawaambieni kwamba mara nyingi sisi hatupigi kelele. Sisi hunyamaza. Mtu huja kuketi, na jirani yake ahamia benchi lingine polepole. Hakuna aliyesema neno, wala hakuna wa kushtakiwa. Ukatili wa namna hiyo ni mgumu kuuonyesha katika picha, na filamu haikuujaribu.

Niwaambieni jambo nililoliona kwa macho yangu, nalo ndilo lililonifanya niandike. Palikuwa na kijana katika kwaya yetu, mpiga ngoma. Alikwenda mjini miezi kadhaa, akarudi. Baada yake ukaja uvumi kwamba ameonekana huko na kijana mwenzake, kwa namna isiyofaa. Nani aliona? Hakuna aliyejua. Kila mtu alikuwa ameambiwa na mwingine. Jioni moja, katika mkutano wa shirika letu, mama mmoja alisema kwa upole sana kwamba afadhali ngoma ipigwe na mtu mwingine. Watu wote waliniangalia, maana mimi ndiye niliyeongoza mkutano. Nilisema: “Tuendelee na wimbo.” Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Wiki ile aliondoka, wakasema amekwenda upande wa Bisie kuchimba mawe. Sijamwona tena.

Niliposomewa habari za Mama Atim, kwanza nilimcheka. Nilimwona ni mwanamke mwenye ulimi mrefu, kama wale tunaowajua. Halafu mwenzangu akafunga kitabu na kuniuliza: “Mwalimu, yeye alisema. Je, waliosikiliza walikuwa nani?” Sikuweza kumjibu.

Hapo naona kasoro ya hadithi ya kwanza nayo. Mama Atim amechorwa mbaya sana, hata ni rahisi kwa msomaji kusema: Mimi si kama yeye. Filamu imefanya vizuri zaidi katika jambo hili. Mwishoni, miaka mingi baadaye, Kena amekuwa daktari, na mgonjwa aliye mbele yake ni Mama Atim. Hajabadilika, bado ana chuki. Lakini ni mwili uliochoka, unaohitaji mikono ya yule aliyemharibia jina. Naye ndiye anayemjulisha Kena kwamba Ziki amerudi. Hapo filamu haisemi nani ameshinda. Yaonyesha tu kwamba yule uliyemfukuza kwa maneno aweza siku moja kuwa ndiye pekee awezaye kukutibu. Na baba yake Kena, aliyekuwa akitafuta kura, asimama upande wa binti yake, ingawa ajua kura zitapotea. Kwangu mimi, baba huyo na kitanda kile cha mgonjwa ndivyo vinavyoifanya filamu kustahili kutazamwa na watu wazima wenye kufikiri.

Hadithi ya tatu yatoka mbali, lakini mwandishi wake si mgeni kabisa kwetu. Benjamin Alire Sáenz ni wa familia zenye asili ya Mexico zinazokaa Marekani mpakani. Aliwahi kuwa padri, na teolojia alisomea Louvain, Ubelgiji, mji walikosoma mapadri wengi wa Kongo. Baadaye aliacha upadri. Mwaka 2012 alitoa riwaya juu ya vijana wawili wa mji wa El Paso, Aristotle na Dante. Imetafsiriwa kwa Kifaransa, nami hiyo niliisoma mwenyewe.

Mwaka ni 1987. Aristotle ana miaka 15, hana rafiki. Dante anamfundisha kuogelea, na urafiki unaanza hapo. Katika nyumba ya Aristotle hakuna kelele wala fitina. Pana kimya. Baba amerudi kutoka vita ya Vietnam, hasemi aliyoyaona. Kaka yake mkubwa yumo gerezani, na jina lake halitajwi, hata picha zake hazipo ukutani. Shangazi mmoja, aliyempenda sana Aristotle, anakufa, na karibu jamaa wote hawaji mazikoni, kwa sababu aliishi na mwanamke mwenziwe. Kijana anakua kati ya mambo yasiyosemwa, mpaka yeye mwenyewe hajui kilichomo moyoni mwake. Wokovu wake waanza siku wazazi wanapoketi naye mezani na kusema.

Riwaya hii ni ndefu, na pengine wazazi wake ni wema kuliko wazazi wengi tunaowajua. Lakini ukiiweka kando ya hadithi ya Nakawa, utaona kitu. Kampala watu walisema mno nje ya nyumba. El Paso hawakusema kitu ndani ya nyumba. Jeraha ni lilelile. Panapohitajika neno, twanyamaza, na panapohitajika kunyamaza, twasema.

Wengine wataniuliza: Je, Mwalimu, Kanisa limebadili mafundisho? Sivyo. Kanisa lafundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na matendo yaliyo kinyume hayahalalishi. Wala hadithi hizi si katekisimu. Asizitafutie mtu huko fundisho la ndoa. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 2358, yaamuru kwamba watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila alama ya kuwabagua bila haki iepukwe. Januari 2023, siku chache kabla ya kufika Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko alisema kwamba kuwa mtu wa namna hiyo si kosa la jinai. Mwezi wa Mei mwaka uleule Uganda ilitia sahihi sheria yenye hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya matendo hayo. Sheria ni ya serikali, nami si mwanasheria. Ninalolijua mimi ni amri ya nane.

Wengi hudhani amri ya nane yakataza uongo tu. Sivyo. Kumzulia mtu neno la uongo ni dhambi. Na kufunua kosa la mtu, hata likiwa la kweli, mbele ya wasiolijua na bila sababu ya haki, nalo ni dhambi, yaitwa kusengenya. Tena mafundisho yasema kwamba aliyemharibia mwenziwe jina hana budi kulirudisha, kama vile mwizi anavyorudisha mbuzi. Kuungama peke yake hakutoshi. Mtume Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo unaowasha msitu mkubwa. Watu wa Walikale wajua msitu. Je, nani awezaye kuurudisha msitu uliokwisha kuungua?

Kwa hiyo, kama kijana wako amekuja na kitabu au filamu ya namna hii, usimnyang'anye kwa ghadhabu. Mwulize: Ni nani humo aliyekusikitisha? Msikilize mpaka amalize. Huenda anakueleza habari za mtu mwingine, huenda anakueleza habari zake. Na akiisha kusema, yasikae maneno yake kisimani kesho asubuhi.

Mimi niliandika barua kwa yule kijana, nikampa mchuuzi aliyekuwa akielekea Walikale. Nilimwambia kwamba mkutano ule uliongozwa vibaya, na aliyeuongoza vibaya ni mimi. Jumapili iliyofuata nilisema vivyo hivyo mbele ya shirika, na yule mama alilia. Vita ikaja kabla ya jibu kufika. Sijui kama barua ilimpata. Kama yupo msomaji huko machimboni anayemjua kijana mpiga ngoma aliyetoka kwetu, asimtaje jina kwa mtu. Amwambie tu kwamba mwalimu wake angali akimngoja.