Gitaa Lililopewa Kazi ya Mwimbaji

Msikilizaji wa Kasongo au Kabambare amezoea kupenda nyimbo ambazo lugha yake si ya nyumbani. Kusini mwa Maniema ni nchi ya Kiswahili, Kingwana kilichokolea huku tangu enzi za Tippu Tip, Kasongo ilipokuwa makao yake na Kabambare kituo katika njia ya Ujiji. Lakini muziki wa Kongo uliotawala redio na sahani za santuri tangu miaka ya 1950 umeimbwa kwa sehemu kubwa kwa Kilingala. Wako wanaokijua vizuri, kwa sababu ya jeshi, ya biashara, au ya nyimbo zenyewe. Hata hivyo, kwa wengi, kitu cha kwanza kufika moyoni bila mkalimani ni gitaa. Ndiyo maana naona kwamba masikio ya huku yanafaa kulipima swali ambalo hujibiwa kijuujuu: kwa nini roki ya magitaa matupu iliyotoka Uingereza kati ya 1960 na 1963, isiyo na mwimbaji wala neno, iliwashika watu kwa nguvu vile, na kwa nini bado inawashika? Jibu linalotolewa mara nyingi ni ugeni wa vyombo: gitaa jekundu kutoka Marekani, amplifaya mpya, mashine ya mwangwi. Jibu langu ni jingine. Wapigaji wale walilikabidhi gitaa moja kazi yote ya mwimbaji, pamoja na kupumua kwake, kisha wakawazuia wengine wasiingie katika nafasi yake. Hiyo ni namna ya kugawana kazi, na Kongo iliifahamu kwa njia zake yenyewe.

Tuutazame wimbo wa "Apache", uliorekodiwa na kundi la The Shadows katika studio za EMI, Abbey Road, London, mwezi Juni 1960. Mtunzi wake, Jerry Lordan, alikuwa amewapigia tuni hiyo kwa ukulele wakiwa safarini, na ukulele ni chombo kidogo kisichoweza kushikilia sauti ndefu. Kwa hiyo urefu tunaousikia katika sahani ulitengenezwa na waliourekodi. Hank Marvin alishika gitaa la solo, Fender Stratocaster ambalo Cliff Richard aliliagiza kutoka Marekani mwaka 1959. Bruce Welch alipiga rithimu kwa gitaa la mbao lisilo la umeme. Jet Harris alikuwa kwenye besi, Tony Meehan kwenye dramu, na Cliff Richard mwenyewe, aliyezoeleka kusimama mbele yao akiimba, safari hii aligonga ngoma ya Kichina mwanzoni na mwishoni. Mwimbaji maarufu ameondolewa kwenye kipaza sauti akapewa ngoma, na mahali pake pamebaki wazi. Wimbo mzima unahusu namna mahali hapo palivyojazwa.

Sikiliza anachofanya Marvin. Anapiga noti moja moja, kwa utaratibu, na kila sentensi ya tuni inaishia kwenye noti ndefu. Uzi wa gitaa una udhaifu mmoja mkubwa ukilinganishwa na koo la binadamu: ukishagongwa, sauti yake inaanza kufa papo hapo. Mwimbaji anaweza kuivuta noti na hata kuiongezea nguvu inapoelekea mwisho. Mpiga gitaa hawezi. Mashine ya mwangwi aliyotumia Marvin, iliyotengenezwa Italia, ilikuwa dawa ya udhaifu huo. Ilinasa sauti kisha ikairudisha kupitia vichwa kadhaa vya kusomea, kila kichwa kikichelewa kwa kiasi chake, hivi kwamba marudio yalidondokea kati ya mapigo na kuiweka noti hai mpaka nyingine ifike. Kisha kuna ule mkono wa chuma uliounganishwa na daraja la nyuzi. Marvin aliutumia kwa kiasi, akiibonyeza sauti kidogo mwishoni mwa noti, pale pale ambapo mwimbaji angeitetemesha. Katikati ya wimbo anashuka kwenye nyuzi nene na kuzizima kwa kiganja, sauti ikawa kavu na fupi; ni mwimbaji aliyeacha kuimba kwa muda akaanza kusimulia. Wakati huo wote Welch hasogei mbele hata mara moja. Anaongeza nguvu solo inaponyamaza, anarudi nyuma solo inapoanza, na mbao ya gitaa lake haichanganyiki kamwe na umeme wa lile jingine. Msikilizaji hahitaji kuambiwa nani anazungumza.

Hapa pingamizi la kwanza linasubiri, nalo ni la haki: huenda tuni ya Lordan ni nzuri tu, na kundi lolote lingefanikiwa nayo. Kwa bahati jaribio hilo lilifanyika. Bert Weedon, aliyekuwa mpiga gitaa mashuhuri wa Uingereza na mwandishi wa kitabu ambacho vijana wengi walijifunzia gitaa, aliirekodi "Apache" kabla ya The Shadows. Sahani yake ilifika nafasi ya 24 tu katika orodha ya mauzo, huku ile ya The Shadows ikikaa nafasi ya kwanza kwa wiki 5. Huko Marekani, walioipenda tuni hiyo waliinunua mwaka 1961 kwa mkono wa Mdenmaki Jørgen Ingmann, aliyeipamba kwa milio ya kuteleza juu ya nyuzi na kuifikisha nafasi ya pili. Kwa hiyo tuni ina mchango wake, nakubali bila shida. Lakini kama ingekuwa ndiyo kila kitu, Weedon asingeachwa nyuma kiasi kile. Tofauti kati ya sahani ya Weedon na ya The Shadows haiko kwenye ustadi wa vidole, maana Weedon alikuwa fundi kamili. Iko kwenye nafasi. The Shadows waliacha hewa kuizunguka kila sentensi, na ndani ya hewa hiyo gitaa likapata tabia ya mtu. Miaka miwili baadaye, katika "Wonderful Land", wimbo mwingine wa Lordan, mtayarishaji Norrie Paramor aliongeza fidla na ala za kupuliza, na hata orkestra hiyo ikawekwa nyuma ya gitaa, mahali pa Welch. Wimbo ukaongoza kwa wiki 8.

Pingamizi la pili ni lile la mashine, na ushahidi wa kulijibu unatoka karibu na nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Bosco hakuwa na umeme, hakuwa na mwangwi, hakuwa na mwenzake wa rithimu. Alikuwa na gitaa la mbao, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene kwa mwendo usioyumba, na shahada ikaimba kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingine ikihesabu tatu wakati gumba linahesabu mbili. "Masanga" ikawa somo la kila mpiga gitaa aliyejitahidi, kuanzia Katanga hadi Kenya, na mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha uchambuzi mrefu wa upigaji wa Bosco katika jarida la African Music, akiandika noti baada ya noti. Jambo la kuzingatia ni kwamba Bosco aliimba kwa Kiswahili. Kasongo ilimwelewa. Hapa maneno hayakuwa kikwazo hata kidogo, na bado kilichoigwa na kufundishwa kutoka mkono hadi mkono ni kazi ya vidole vile viwili. Shahada ilifanya kazi ya Marvin na gumba likafanya kazi ya Welch, miaka minane kabla ya "Apache". Mgawanyo wa kazi ulikuwepo pasipo mashine yoyote. Mashine za London zilikuja kuurahisishia watu wanne jambo ambalo mtu mmoja alilifanya kwa vidole viwili.

Njia iliyowezesha sauti kama hizo kupanda kutoka migodi ya Katanga hadi Maniema ilikuwepo. Reli ya Kabalo hadi Kamina ilipokamilika mwaka 1956, iliunganisha miji ya Katanga na Kongolo, na kutoka Kongolo reli ya zamani inafuata ng'ambo ya Lualaba mpaka Kindu, ikipita jirani na nchi ya Kasongo. Aliyerudi kutoka kazini aliweza kurudi na sahani. Aliyekuwa Kabambare alikuwa mbali zaidi na reli, ingawa na yeye alikuwa na watu wa mshahara karibu yake, kwenye mgodi wa dhahabu wa Namoya.

Mwaka ule ule wa 1960, miezi michache kabla ya Abbey Road, kundi la African Jazz la Joseph Kabasele lilikuwa Brussels wakati wa mkutano wa meza ya duara kuhusu uhuru wa Kongo, na huko ndiko ulikotoka wimbo wa "Indépendance Cha Cha". Kila mtu anaukumbuka kwa maneno yake, na ni haki, kwa sababu maneno yake yalikuwa habari ya siku. Lakini mwenye sikio la fundi anasikia jambo la pili: gitaa la Nicolas Kasanda, Docteur Nico, aliyezaliwa Kasai mwaka 1939. Katika African Jazz, na baadaye African Fiesta, kaka yake Dechaud alimshikia rithimu, na uhusiano wa magitaa yao ni ule ule wa Marvin na Welch. Mmoja anakubali kuwa ardhi ili mwingine atembee. Nico alilipenda pia gitaa la Kihawai, ambalo chuma huteleza juu ya nyuzi na kuiondoa mipaka kati ya noti na noti. Kwa Marvin mkono wa chuma, kwa Nico chuma cha kuteleza. Wote wawili walikuwa wakitafuta kitu kimoja, yaani kuliondolea gitaa ile hali ya kugongwa na kulipa hali ya kutamka. Hakuna haja ya kudhani kwamba mmoja alimsikiliza mwenzake. Tatizo lilikuwa moja, na uzi wa chuma una majibu machache.

Atakuja mwenye pingamizi la tatu, na huyu ana nguvu zaidi kwa watu wa Maniema. Atasema: mtoto wa jimbo hili aliyepata jina kubwa duniani ni Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza kundi la Super Matimila. Watanzania walimpenda kwa maneno: umaskini, kifo, ukimwi, utu wa mtu. Kama gitaa tupu lina mvuto kiasi hicho, mbona Remmy alihubiri? Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu bila maneno yale Remmy asingekuwa Remmy wa Dar es Salaam. Lakini mwaka 1988 alianza kuzunguka Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 studio ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake Songs for the Poor Man. Walioicheza kule walikuwa Waingereza wasiojua Kiswahili hata cha salamu. Walilisikia gitaa la Super Matimila kama Kasongo ilivyozoea kuzisikia sahani za Kinshasa: sauti ya mtu ikawa moja ya ala, na magitaa yakabeba maana. Dar es Salaam ilipokea vitu viwili kutoka kwa Remmy, Uingereza ikapokea kimoja, na hicho kimoja kilitosha kujaza uwanja.

Wapo pia wanaosema kwamba Mwafrika wa huku alishaandaliwa na ngoma zinazosema, zile za mti uliochongwa, ambazo John Carrington alizieleza katika kitabu chake cha 1949 baada ya kuishi karibu na Kisangani. Ngoma hizo hupeleka ujumbe kwa kupanda na kushuka kwa sauti za lugha yenyewe, bila silabi. Nashauri tahadhari. Ujumbe wa ngoma ni lugha kamili, una jibu sahihi na jibu lisilo sahihi. Tuni ya "Apache" haina ujumbe wa kufasiriwa. Kinachofanana ni kidogo lakini ni cha kweli: mazoea ya kuamini kwamba chombo kinaweza kushika zamu ya kuzungumza, na kwamba wengine wanapaswa kukipisha.

Lipo swali moja ambalo wapenzi wa muziki huu wa Uingereza hulikwepa. Kama mvuto ulikuwa mkubwa hivi, mbona ulizimika upesi? Mwishoni mwa 1962 The Tornados walifika kileleni Marekani na "Telstar", na humo ala inayoongoza ni kinanda cha umeme. Mwaka uliofuata Beatles waliichukua Uingereza kwa kuimba, ingawa na wao mwaka 1961 walikuwa wamerekodi Hamburg wimbo usio na maneno, "Cry for a Shadow". Naona sababu iko ndani ya umbo lenyewe. Waingereza walilipa gitaa wimbo mzima, kisha wakawa hawana pa kwenda: ama gitaa liimbe peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, ama lirudi nyuma ya mwimbaji. Kongo ilipata mpango wa tatu. Wimbo unaanza na mwimbaji, maneno yanasemwa yote, kisha mwimbaji anaachia na sebene, sehemu ya magitaa, inaingia. Solo inachukua mbele, rithimu inashikilia chini, na katikati likaongezwa gitaa jingine, mi-solo, la kuunganisha hizo mbili. Gitaa halikulazimika kumfukuza mwimbaji ili lipate zamu yake, lilingoja amalize. Ndiyo sababu sebene imedumu zaidi ya miaka 60 ikibadilika kizazi baada ya kizazi, huku umbo la "Apache" likibaki la kipindi kifupi sana, zuri na lililofungwa.

Hilo haliishushi kazi ya The Shadows. Katika sebene za leo magitaa mara nyingi hukimbia yote kwa pamoja, na ni vigumu kumtambua anayezungumza. Mpiga solo wa Kasongo anayetaka kujua noti moja inaweza kubeba kiasi gani atajifunza zaidi kwa "Apache" kuliko kwa rekodi nyingi za mbio, mradi azihesabu sekunde ambazo Marvin hapigi kitu, na asikilize Welch anafanya nini ndani ya sekunde hizo.