Udhaifu au Mwanya? Uhakiki wa Istilahi za Usalama wa Tovuti

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi mbili zitumikazo sasa katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo usalama wa tovuti, yaani "kupakia faili" na "udhaifu". Kila moja ikitazamwa peke yake haina kosa kubwa. Lakini zikiunganishwa katika sentensi moja, kama vile "programu-jalizi hii ina udhaifu wa kupakia faili", hutoa maana iliyo mbali na dhana inayokusudiwa. Sentensi ya namna hiyo ni onyo. Mtumishi anayesimamia tovuti ya idara akililewa vibaya onyo hilo, ataacha wazi mlango uliopasa kufungwa siku hiyo hiyo.

Yafaa kwanza tuieleze dhana yenyewe. Tovuti nyingi hujengwa kwa programu kuu, kama vile WordPress, ambayo huongezewa kazi mpya kwa programu ndogo zilizotungwa na watu wengine. Hizo ndizo programu-jalizi. Baadhi yake humwezesha mgeni kutuma faili katika tovuti, kama vile picha, fomu au barua ya kuomba kazi. Ikiwa programu-jalizi haikagui aina ya faili, wala haimwulizi mtumaji idhini yake, mtu mwenye nia mbaya aweza kutuma faili lenye amri za kompyuta mahali pa picha. Faili hilo likiwekwa katika sehemu ambayo seva huruhusiwa kutekeleza amri, mtu huyo huliita kwa anwani yake, na seva hutii. Tangu hapo tovuti ina bwana wawili.

Jambo hili limekwisha kutokea. Mwezi Septemba 2020 iligunduliwa kwamba programu-jalizi ya WordPress iitwayo File Manager, iliyokuwa imewekwa katika tovuti zaidi ya 700,000, ilikuwa ikipokea mafaili kutoka kwa mtu yeyote, hata asiye na nywila. Sababu yake ilikuwa faili moja la mfano, ambalo halikukusudiwa kutumika katika tovuti halisi, lakini lilibadilishwa mwishilizio wa jina lake likawa faili linaloweza kutekelezwa. Toleo la 6.9 lilirekebisha kosa hilo, lakini tovuti nyingi zilikuwa zimekwisha kushambuliwa.

Sasa tuitazame istilahi ya "kupakia". Kitenzi hiki tumekitoa katika safari za vyombo: shehena hupakiwa melini na kupakuliwa bandarini. Kwa mtu anayetuma faili, neno hilo lafaa kabisa, na hatuna nia ya kulipinga. Lakini kosa tunalolizungumzia haliko kwake. Liko bandarini, ambako forodha imepitisha mzigo bila kuufungua. Kwa watumishi wa ofisi labda mfano wa masjala utafaa zaidi. Barua imeingia bila sahihi, karani hakuuliza imetoka kwa nani, akaiweka katika jalada la maagizo ya kutekelezwa. Hapana mtu atakayesema kwamba ofisi hiyo ina tatizo la kuandikiwa barua. Tatizo lake ni namna inavyozipokea.

Mfano mwingine wathibitisha hoja hii. Programu-jalizi iitwayo jQuery File Upload iliitegemea seva ya Apache izuie utekelezaji wa mafaili yaliyotumwa, kwa kufuata maagizo yaliyowekwa ndani ya folda yenyewe. Toleo la 2.3.9 la Apache, la mwaka 2010, liliacha kuyafuata maagizo ya namna hiyo isipokuwa msimamizi aamuru. Kosa hilo lilitangazwa mwaka 2018. Kosa hilo halikutokana na badiliko lolote katika namna ya kupakia. Kilichoondoka ni kizuizi upande wa mpokeaji.

Istilahi ya "udhaifu" ina matatizo zaidi. Katika matumizi ya kawaida, udhaifu ni upungufu wa nguvu, wa afya au wa tabia. Msomaji akiambiwa kwamba programu ina udhaifu wa kupakia faili, ataelewa kwamba inapakia kwa taabu au polepole, naye atavumilia. Isitoshe, wataalamu hutofautisha dhana mbili. Shirika la MITRE la Marekani lina orodha mbili. Ya kwanza, iitwayo CVE, ilianza mwaka 1999 na hutaja kosa mahususi katika programu mahususi. Ya pili, iitwayo CWE, ilianza mwaka 2006 na hutaja aina za makosa. Aina tunayoizungumzia ni namba 434 katika orodha hiyo ya pili, na jina lake hutaja waziwazi kwamba faili la hatari limeingia bila kizuizi. Tukitumia "udhaifu" kwa dhana zote mbili, mfasiri hana njia ya kuzitenganisha.

Kwa maoni yetu, "udhaifu" ubaki kwa aina ya kosa, na kosa mahususi linalompa adui njia liitwe "mwanya". Neno "ufa" lingependeza kwa sababu ya methali tuijuayo sote juu ya kuziba ufa, lakini ufa huonyesha uchakavu wa ukuta, hali mwanya huonyesha nafasi ya kupita. Kuhusu kosa lenyewe, twapendekeza "upokeaji holela wa faili". Neno "holela" hubeba ile maana ya kukosa kizuizi ambayo tafsiri ya sasa imeiacha.

Hivyo onyo letu la mwanzo lingesomeka: "Programu-jalizi hii ina mwanya wa upokeaji holela wa faili, iondoe au iweke toleo jipya leo." Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na wenye istilahi bora zaidi watuandikie.