Kusakinisha si kupangisha: Istilahi inayoficha mwenye nyumba

Mnamo Julai 8, 2025, Mozilla ilifunga Pocket, huduma iliyoanza 2007 kwa jina la Read It Later. Watu waliitumia kuweka kando makala ya mtandaoni ili wayasome baadaye. Tendo hilo huwa tunaliita 'kuhifadhi', na hapo ndipo nina ugomvi. Ukihifadhi kitu, unakiweka chini ya ulinzi wako au wa unayemwamini. Hawa walikuwa wapangaji tu, na ilani ya kuhama ilipotoka wakaanza kufunga virago.

Nami nikaamua kujenga kwangu. Nilichukua kompyuta kuukuu yenye Linux iliyokuwa ikila vumbi nyumbani, nikaisakinishia wallabag, programu huria iliyoanzishwa Ufaransa 2013 na Nicolas Lœuillet. Mwanzoni iliitwa poche, yaani mfuko. Programu hii haiweki kiungo pekee. Huchota matini ya makala na kuitia katika hifadhidata iliyo kwenye mashine yako. Ukurasa wa asili ukifutwa kesho, nakala yako ipo. Hapo kitenzi 'hifadhi' kinastahili kutumika.

Kazi ilinila jioni mbili. PHP na hifadhidata zilikubali upesi. Kilichonitoa jasho ni ruhusa. Saraka ambazo programu huandikia zilikuwa kwa jina langu, ilhali seva ya wavuti huendeshwa kwa jina jingine, kwa hivyo kila ikijaribu kuandika ilikataliwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, aliyekuwa akinielekeza kwa simu, aliangua kicheko: "Prof, umeikaribisha nyumbani halafu ukaificha ufunguo!"

Kijana alikuwa amegusa kiini cha istilahi yenyewe. 'Sakinisha' inatokana na 'sakini', neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha kukaa mahali, na ndugu yake ni 'maskani'. Kwa kauli ya kutendesha, unaifanya programu ipate makao. Waliochagua neno hilo walifikiri vizuri.

Siwezi kusema hivyo kuhusu 'upangishaji', neno tunalolitumia kwa huduma ya kuweka tovuti au programu kwenye seva. Kupangisha ni kumpa mtu nyumba kwa kodi. Neno linafaa pale unapolipa kampuni kila mwezi. Lakini tunapotaka kutaja programu ambayo mtumiaji anaiweka kwenye mashine yake mwenyewe, tafsiri sisisi hutuletea 'programu inayojipangisha yenyewe'. Hebu fikiria: nyumba gani hujipangisha? Na mwenyewe yuko wapi katika kirai hicho? Ametoweka, na yeye ndiye aliyekuwa maana yote.

Pendekezo langu ni 'programu ya kujisakinishia'. Tazama mofolojia: ku-ji-sakini-sh-i-a. Kiambishi 'ji' kinamrudia mtendaji, '-sh-' inaonyesha usababishi, '-i-' inatwambia ni kwa faida ya nani. Watakaolalamika kwamba neno ni refu wakumbuke kwamba 'kujipatia' na 'kujinunulia' hatuyaogopi sokoni. Hata hivyo, nakiri lina dosari: mtu anaweza kujisakinishia programu kwenye seva ya kukodi, na neno langu halitamfichua. Kwake huyo, 'upangishaji' na 'kujisakinishia' yatalazimika kuishi pamoja.

Na makala yenyewe yanayosubiri kusomwa tuyaiteje? 'Ya kusoma baadaye' ni maelezo, si istilahi. Kwa kuwa tumeshakubali 'kupakua', kitenzi cha jikoni, mimi nayaita makala kiporo. Kuna atakayesema kiporo ni chakula kilicholala. Sawa, lakini maharagwe ya jana ninayajua. Kwa sasa nina viporo arubaini na kitu vinavyoningoja, na stima ikipotea, kama ilivyopotea Jumanne, vinalala tena usiku mwingine.