Macho Manne ya Hilux

Ruaha Mbuyuni magari hayapiti tu. Yanasimama, na yakishasimama ni lazima yarudi nyuma ndipo yaondoke. Lori la Zambia lililopumzika kabla ya kuukabili Mlima Kitonga, basi la Mbeya lililoshusha abiria wale chakula, pikapu iliyokuja kubeba vitunguu: yote hutafuta njia ya kutoka kinyumenyume katikati ya watu. Na watu wenyewe ni wengi. Kuna wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya basi na vitunguu mkononi, kuna mama lishe na masufuria yao, bodaboda, watoto waliotumwa dukani, na wapagazi ambao gunia kichwani limewanyima kuona pembeni. Barabara ya TANZAM iliwekwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili Zambia ipate njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam, na maisha ya bonde hili la mibuyu yakaisogelea. Leo biashara, mlo na mchezo wa mtoto viko hatua chache kutoka kwenye matairi. Ndiyo maana nataka kuisifu kazi moja ya gereji ambayo kwingine ingeonekana anasa: kazi ya fundi umeme anayelifungia gari kamera nne ili dereva aone pande zote.

Pikapu ikiwa tupu, dereva huona vizuri kiasi. Ipakie vitunguu, hasa kwa zile lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ambazo sheria ya vipimo inazikataza na bado zinajazwa, upange magunia mpaka yapite paa la kebini, na kioo cha ndani kinabaki pambo. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavu wa gari na ukingo wa barabara. Kilicho nyuma ya teligeti hakionekani kabisa. Mbele nako boneti imeinuka, kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu akisimama karibu na bampa, upande wa kushoto, dereva aliyekaa kulia hamwoni.

Kwa miaka mingi jibu limekuwa utingo, na mimi namheshimu sana utingo. Aliyeiva katika kazi hasimami nyuma ya gari. Husimama mahali ambapo dereva atamwona kwenye kioo. Maneno yake ni machache: njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, lete, hapo hapo. Akiona hatari, kiganja chake kinagonga bodi kabla mdomo haujafunguka. Lakini utingo hawezi kuwa pande nne kwa wakati mmoja, na wenye pikapu wengi husafiri peke yao.

Tatizo hili lipo hata kwa waliotutangulia kwa magari. Marekani ilipotoa mwaka 2014 sharti la kila gari dogo jipya kuwa na kamera ya nyuma, mamlaka yake ya usalama barabarani ilikadiria kwamba watu 210 hufa huko kila mwaka kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na asilimia 31 kati yao ni watoto wasiofikisha miaka 5. Sharti hilo lilianza kutumika kikamilifu Mei 2018. Nikiitazama hesabu hiyo nawaza kwamba wenzetu wale wengi wana maegesho yaliyotengwa na nyumba zenye ua. Hapa uwanja wa gari na uwanja wa mtoto ni mmoja.

Kampuni ya Nissan ilikuwa imeanza mwaka 2007 kuuza magari yenye kamera nne ambazo picha zake huunganishwa zikawa moja, dereva akaliona gari lake kana kwamba analitazama kutoka juu. Siku hizi vifaa vya namna hiyo vinauzwa kwenye boksi: kamera nne, kisanduku cha kuunganisha picha, nyaya, na skrini. Mwenye fedha anaweza kununua boksi. Ila boksi halioni chochote mpaka lipate fundi.

Fundi niliyemtazama alikuwa akiifanyia kazi Hilux Vigo ya mfanyabiashara wa vitunguu, chini ya paa la bati kando ya barabara. Kamera ya mbele aliikalisha kwenye sho, mbili chini ya vioo vya pembeni, ya nne juu ya kitasa cha teligeti. Kabla ya kugusa drili alipima kwa futi, akaweka alama, akapima tena kutoka upande wa pili. Tundu lililopotoka kidogo chini ya kioo huigeuza picha ya ubavu mzima, na kifuniko cha kioo kikishatobolewa hakizibiki.

Kisha zikaja nyaya, na hapo ndipo fundi wa haraka na fundi wa kweli wanapoachana. Waya wa kamera ya pembeni unapita kwenye mpira ulio kati ya mlango na bodi, na mlango wa pikapu ya biashara hufunguliwa kutwa nzima. Ukivutwa ukakaza, utakatika ndani ya mpira wake, mahali ambapo hakuna atakayeuona. Yeye aliuacha ulegee, akafungua na kufunga mlango huku kidole chake kikiwa juu ya mpira, akisikiliza kwa ngozi kama kuna mahali unabanwa. Kwenye teligeti alifanya vilevile. Chini ya bodi aliupitisha waya ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, mbali na bomba la moshi, mbali na springi zinazopanda na kushuka, akaufunga kwenye chesisi kila baada ya shubiri mbili. Waya wa taa ya rivasi hakuukata. Aliumenya kidogo, akauzungushia waya wake, akalehemu, akafunika kwa ule mpira unaonywea ukipata joto. Umeme wa kisanduku aliuchukua kwenye waya unaopata moto funguo ikiwashwa tu, ili betri isifyonzwe usiku, na akaupa fyuzi yake peke yake. Indiketa ya kushoto ikiwaka, skrini inaonyesha ubavu wa kushoto. Ya kulia, vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya kazi hii mwenye gari hataiona maisha yake yote, na ndiyo niliyoipenda zaidi.

Juu ya boksi la kamera pameandikwa IP67. Ile 6 inahusu vumbi, kwamba halipenyi. Ile 7 inahusu maji, kwamba kamera inaweza kuzama hadi kina cha mita moja kwa nusu saa. Haisemi lolote kuhusu mpira wa maji ya kasi wa kuoshea magari, na fundi alimweleza mwenye gari waziwazi asielekeze maji hayo kwenye lenzi.

Nilidhani hapo kazi inakaribia kwisha, kumbe sehemu ngumu ilikuwa mbele. Kamera hizi zina lenzi zinazoona upana wa karibu nusu duara, na picha zake huja zimepinda. Ili kisanduku kizinyooshe na kuziunganisha, fundi hutandika chini, kuzunguka gari, mikeka yenye miraba myeusi na myeupe ambayo vipimo vyake kisanduku kinavijua. Kwa kuiangalia miraba, kinakokotoa kila kamera iko juu kiasi gani na imeinama kiasi gani. Hesabu yote inasimama juu ya dhana moja: kwamba ardhi ni tambarare. Basi fundi akatafuta utambarare. Aliazima kwa mwashi mpira wa maji wa kupimia levo, akazunguka nao uwanjani, akalihamisha gari mpaka mahali palipomridhisha.

Kulikuwa na mbuyu karibu, na mtu akashauri watandike kivulini. Akakataa. Kivuli cha mbuyu kina madoa ya jua, na madoa ya jua juu ya miraba hukichanganya kisanduku. Jua kali nalo huifanya mikeka ing'ae, na gari lenyewe hulaza kivuli chake juu yake. Alisubiri mpaka jua likaingia nyuma ya vilima vinavyolizunguka bonde, kukawa na mwanga uliotulia usio na vivuli, na hapo ndipo alipotandika.

Kabla ya kutandika aliomba magunia. Mwenye gari alishangaa, nami pia. Maelezo yake yalikuwa mafupi: gari hili halitembei tupu. Likibeba mzigo, springi za nyuma zinalala, kamera ya nyuma inashuka, na ya mbele inatazama juu kidogo. Ukilipima tupu, siku litakapojaa vitunguu mistari ya kwenye skrini itakuwa ya gari jingine. Yakapakiwa magunia ya kutosha kulifikisha gari kwenye kimo cha kawaida cha safari zake, ndipo vipimo vikachukuliwa. Hakuna karatasi ya maelekezo inayojua bei ya vitunguu wala uzito wa gunia la Ruaha Mbuyuni. Hayo yanajulikana na fundi anayeishi hapo.

Picha ilipotokea, safi, gari likiwa katikati na uwanja kulizunguka, waliokuwepo walishangilia. Fundi akamwita dereva akae ndani, akachukua dumu la lita 20, akaanza kulizungusha kwenye pembe za gari. Katika picha hii kila kitu chenye kimo hulazwa chini, kinavutika kama kivuli cha jioni, na kwenye mshono ambapo picha mbili zinakutana kinaweza kukonda mpaka kipotee. Dumu lilipofika pembe ya mbele kushoto, likapungua, likabaki ukanda. Baadhi ya vifaa huruhusu mshono kusogezwa, na hiki kiliruhusu. Akausogeza ili pembe ile, iliyo mbali kabisa na macho ya dereva, imilikiwe na kamera moja. Mshono ukahamia mahali ambapo dereva anaweza kupaona kwa macho yake. Kisha akamwonyesha, kwa dumu lilelile, palipobaki na udhaifu, akamtaka apataje mwenyewe kwa sauti.

Kwangu mimi huo ndio upeo wa ufundi huu. Kuna wanaofunga kamera hizi na kumwambia mteja kwamba sasa anaona kila kitu, na dereva aliyeaminishwa hivyo ni hatari kuliko yule asiyeona nyuma ambaye angalau anajua haoni. Fundi wa kweli hukabidhi picha pamoja na mipaka yake. Ndiyo maana sioni kwamba kamera imemfukuza utingo. Yeye anaona kimo, anasikia mtoto anayecheka nyuma ya gurudumu, na anajua bodaboda yupi atakurupuka. Siku pikapu inapotoka sokoni ikiwa imejaa, ningependa awepo, na dereva awe na vyote viwili.

Malipo yalipokwisha, fundi alimwachia mwenye gari sharti moja. Wafanyabiashara wa vitunguu wana kawaida ya kuongeza majani ya springi msimu wa mavuno ukikaribia, na gari likiinuliwa vile, vipimo vyote vinabadilika. Ukiongeza hata jani moja, alisema, lilete gari nitandike mikeka upya, na hiyo sitakutoza.