Agano, Mkataba na Kuagana: Uhakiki wa Msamiati wa Uaminifu katika Biblia za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki neno agano kama linavyotumika katika tafsiri za Biblia za Kiswahili na katika mahubiri ya Kikristo ya leo nchini Tanzania. Hoja iliyozoeleka madarasani ni kwamba neno hili, kwa kuwa limetokana na kitenzi chenye kauli ya kutendana, linabeba usawa wa pande mbili ambao haumo katika neno la Kiebrania berith wala la Kiyunani diatheke. Makala yanakubali sehemu ya hoja hiyo, lakini yanadai kwamba matini yenyewe imelirekebisha neno kwa njia ya kimilikishi, umoja na vitenzi vinavyoandamana nalo. Yanadai pia kwamba mzizi wa neno hili unampa msomaji wa Kiswahili ufahamu wa uaminifu ambao mkataba na wosia haviwezi kuutoa. Mwisho, yanaonesha jinsi mahubiri ya sasa yanavyoupoteza ufahamu huo.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa semantiki na tafsiri kwamba agano ni mfano wa tafsiri iliyokaribia shabaha bila kuigusa. Niliandika ubaoni mzizi, kiambishi cha kutendana na kiishio, kisha nikauliza: je, Mungu na mwanadamu wanatendana? Wanafunzi walicheka, nami nikaendelea na mada nyingine. Mwaka mmoja mwanafunzi wa shahada ya umahiri hakucheka. Aliuliza kwa nini, kama neno lina kasoro hiyo, hakuna muumini yeyote anayemjua ambaye hulielewa agano kuwa ni mapatano ya watu walio sawa. Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na kwa sehemu ni kusahihisha nilichofundisha.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mkristo anayesema Kiswahili huambiwa aishi kwa uaminifu ndani ya agano. Namna anavyolisikia neno hilo ndiyo namna atakavyofikiri juu ya kuvumilia, kukosa, kurudi na kusamehewa. Akilisikia kama mkataba, atahesabu vifungu. Akilisikia kama kifungo, atatafuta wa kumfungua.

2.0 Umbo la Neno

Watafsiri wa karne ya 19 hawakukosa maneno. Johann Ludwig Krapf, aliyeanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyefanya kazi yake Unguja, walikuta lugha yenye ahadi, neno lenye asili ya Kiarabu. Ahadi lingekuwa chaguo la wazi: Wakristo wa Kiarabu huliita Agano Jipya kwa neno lilelile, 'ahd, na tafsiri za Kurani kwa Kiswahili hulitumia kwa maana inayokaribiana na hiyo. Hata hivyo, desturi ya tafsiri iliyokuja kukamilishwa na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ililiachia ahadi kazi ya kutaja neno linalotolewa na mmoja, ikalipa agano, neno la Kibantu, kazi ya kutaja uhusiano unaofungwa.

Kimofolojia, agano linatokana na -aga, likapata -an- ya kutendana na kiishio -o cha kuunda nomino. Liko katika kundi moja na mapatano, makubaliano, maelewano, mapigano na mashindano. Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulitazama zamani. Karibu ndugu zake wote huishi katika wingi. Hatusemi elewano wala kubaliano, kwa kuwa tendo la kutendana huhesabiwa kama matendo mengi yanayokutana, hili la kwako na lile la kwangu. Agano, kwa upande wake, husimama kwa kawaida katika umoja. Wingi wake umo katika Biblia, kama katika Warumi 9:4 na Waefeso 2:12, lakini huko hutaja maagano kadhaa yaliyofungwa kwa nyakati mbalimbali, wala si michango ya pande mbili ndani ya agano moja. Kwa hiyo, neno limebaki na alama ya kutendana, lakini limekataa tabia ya kisarufi ya wenzake.

3.0 "Agano Langu": Kimilikishi Kinavyorekebisha Umbo

Ushahidi wa pili ni kimilikishi. Watu wawili waliopatana husema mapatano yetu. Akisema mmoja mapatano yangu, msikilizaji atauliza, na nani? Katika Mwanzo 17, Mungu anapozungumza na Abrahamu, kirai chenye maana ya agano langu hujitokeza mara 9 katika Kiebrania, na watafsiri wa Kiswahili wamekifuata. Msomaji hukutana na nomino yenye alama ya wawili iliyofungiwa kwa mmiliki mmoja. Huo ni mgongano wa kisarufi, na una maana: wawili wamo ndani ya agano, lakini agano ni la mmoja. Abrahamu hakulianzisha, hakujadiliana masharti yake, wala hawezi kulifuta.

Mwanzo 15 huonesha jambo hilohilo kwa tendo. Wanyama wamepasuliwa, vipande vimepangwa vikielekeana, na desturi ingetarajia wanaoagana wapite katikati. Yeremia 34:18 hueleza maana ya desturi hiyo: anayepita hujiapiza apatwe na yaliyompata mnyama akilivunja neno lake. Lakini katika Mwanzo 15 Abramu amelala usingizi mzito, na kinachopita ni tanuri ya moshi na mwenge wa moto. Mmoja tu amejiapiza. Kiebrania husema agano "hukatwa". Kiswahili husema "hufanywa", na damu ya tukio hupotea katika kitenzi. Hii ni hasara ya kweli, nami siifichi. Hata hivyo, simulizi lenyewe hulipa sehemu ya deni, kwa sababu msomaji amekwisha kuviona vipande kabla hajafika kwenye neno.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili. Katika Kutoka 24 watu hujibu kwa sauti moja kwamba watayatenda yaliyosemwa, na damu hunyunyizwa juu ya madhabahu na juu ya watu pia. Sinai ina upande wa pili unaosikika. Anayedai kwamba agano la Biblia ni la upande mmoja tu atakuwa na kazi ya kukieleza kiapo hicho. Alama ya kutendana katika agano, basi, si kosa tupu: huacha nafasi ya jibu. Uaminifu wa mwanadamu hauliumbi agano, lakini agano linaungoja.

4.0 Wosia Kama Mbadala

Wafasiri wa Septuaginta, walioitafsiri Biblia ya Kiebrania kwa Kiyunani, walikuwa na maneno mawili mbele yao. Syntheke lilimaanisha mapatano ya pande mbili na kwa umbo lilikaribia agano letu. Diatheke lilimaanisha mpango wa mtu mmoja juu ya mali yake, yaani wosia. Walichagua la pili, na kupitia Kilatini uchaguzi huo ndio uliozipa lugha nyingi za Ulaya jina la sehemu mbili za Biblia. Je, Kiswahili kingefuata njia hiyo?

Waebrania 9:16–17 ndipo pa kupimia. Mwandishi anacheza na maana mbili za diatheke: agano la Mungu, na wosia usiokuwa na nguvu mpaka mwenye kuuandika afe. Union Version hulishikilia agano na kuliongezea sifa ya urithi ili hoja ya kifo ieleweke. Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, hutumia wosia. Ya kwanza hulinda uzi unaounganisha aya na sura nzima, lakini humwacha msomaji akishangaa kwa nini agano lingoje kifo. Ya pili huifanya hoja iwe wazi mara moja, lakini hukata uzi.

Nilikuwa nikiisifu ya pili. Leo naona wosia una upungufu mkubwa zaidi ukitumiwa kama neno la jumla. Aliyeacha wosia amekufa; wanaobaki hugawana alichokiacha. Hakuna anayeweza kuwa mwaminifu kwa marehemu kwa namna ileile anavyokuwa mwaminifu kwa aliye hai anayemngoja. Wosia huhifadhi utashi wa mtoaji lakini huupoteza uhusiano.

5.0 Kuaga na Kuagana

James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu semantiki ya lugha ya Biblia, alionya kwa haki dhidi ya kuchimba mizizi ya maneno na kuiita teolojia. Onyo hilo nalikubali. Sidai kwamba kila asemaye agano anaufikiria mzizi wake. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba -aga na -agana ni vitenzi hai, vinavyotumika kila siku mlangoni, kituo cha basi na kando ya kitanda cha mgonjwa, na kwamba msomaji wa Kiswahili anaweza kuusikia uhusiano huo bila kamusi. Kuagana ni kutakiana heri wakati wa kutengana. Ni pia kupeana neno la kukutana tena au la kutenda jambo fulani. Maana hizi mbili zimekaa pamoja kwa kuwa katika maisha hutokea pamoja. Anayeondoka huacha neno, anayebaki hulishika.

Tukizisoma simulizi za Biblia kwa sikio hilo, jambo fulani hujitokeza. Yakobo na Labani hufanya agano katika Mwanzo 31 wakati wanapotengana, na rundo la mawe hubaki kuwa shahidi pale ambapo wao hawataonana. Yonathani na Daudi wamefungwa na agano, na katika 1 Samweli 20 agano hilo linapimwa kwa kuagana kwao shambani, kwa machozi, wakiwa hawajui kesho. Katika Luka 22:20 agano jipya hutajwa juu ya kikombe, usiku ambao Yesu anawaaga wanafunzi wake. Agano, katika matukio haya, ni kile kinachofunga wakati mwenzako haonekani.

Nadhani hapa ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wangu. Muumini halielewi agano kama mapatano ya walio sawa kwa sababu kuagana hakuhitaji usawa. Mtoto huagana na baba, mgonjwa na mganga, mgeni na mwenyeji. Kinachohitajika ni kwamba neno lililoachwa lishikwe.

Na kitenzi kushika ndicho kinachoandamana na agano zaidi. Kiebrania hutumia shamar, kulinda au kuchunga. Kiswahili hulitia agano mkononi: hushikwa, na likiachwa huanguka. Sambamba nacho kuna kukumbuka, tendo ambalo baada ya gharika (Mwanzo 9) ni la Mungu mwenyewe. Sifa ya anayeshika ni uaminifu, neno la asili ya Kiarabu lililo katika ukoo mmoja na imani, amana na amina. Mzizi huohuo wa Kisemiti umo katika Kiebrania. Kwa hiyo, msemaji wa Kiswahili anayesema mwaminifu hutamka neno lililo jirani na amana, kitu ulichoachiwa na mwenyewe atakayerudi kukidai.

6.0 Mkataba na "Maagano": Uhakiki wa Matumizi ya Sasa

Matumizi mawili ya leo yanaupunguza utajiri huu. La kwanza ni kulifafanua agano kama mkataba. Nimelisikia katika mahubiri ya ndoa na ya utoaji: timiza kipengele chako, Mungu atatimiza chake. Mkataba huandikwa ili upande mmoja ukikiuka, mwingine awe huru. Ukiusoma Unabii wa Hosea kwa kanuni hiyo, kitabu kinapaswa kwisha mapema sana, kwa maana mke amekwisha kukiuka. Kitabu hakiishi hapo. Mume anaambiwa aende tena akampende. Hakuna sheria ya mikataba inayoweza kulieleza neno tena katika agizo hilo. Methali yetu husema ahadi ni deni. Mkataba hulifuta deni mwenzako akikosa, agano halilifuti.

La pili ni maagano katika huduma za ukombozi: maagano ya mababu, maagano ya damu, maagano ya ukoo, yote yakitakiwa kuvunjwa. Hapa sarufi imegeuka kabisa. Neno limerudi kwenye wingi, limepoteza kimilikishi, na kitenzi kinachoandamana nalo kimebadilika thamani. Katika Biblia za Kiswahili kuvunja agano ni kosa zito. Katika mikutano hii ni ushindi unaopigiwa makofi. Sikusudii kuwadhihaki wanaohudhuria. Hofu ya madeni yaliyorithiwa ni hofu ya kweli, na Biblia yenyewe hutaja maagano yasiyofaa, kama lile la mauti katika Isaya 28. Hoja yangu ni ya kimsamiati na ina athari za kimaisha: muumini anayelisikia agano mara kumi kama mnyororo na mara moja kama neema, atalitamka vipi mbele ya meza ya Bwana?

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba agano si tafsiri kamili, lakini si ajali pia. Limepoteza ukali wa kukata na halikuweza kubeba mchezo wa maana katika Waebrania 9. Hata hivyo, kwa kusimama katika umoja, kwa kukubali kimilikishi cha Mungu na kwa kushikwa badala ya kusainiwa, limeepuka usawa ambao umbo lake lingelilazimisha. Watakaofanya marekebisho ya tafsiri siku zijazo watumie wosia pale tu hoja ya matini inapoudai, na wasilibadilishe agano kuwa mkataba kwa kisingizio cha lugha nyepesi. Nasi tunaofundisha tuache kuishia kwenye mofolojia. Nilipokuwa nikiandika kiambishi cha kutendana ubaoni sikukosea kuhusu kiambishi. Nilisahau kuwauliza wanafunzi walimuaga nani asubuhi ile walipotoka nyumbani, na waliacha neno gani.