Mvua Isiyo na Tope

Mgeni akiingia kwenye banda la mifugo, macho yake humwendea mnyama. Fundi yeye huinama. Anataka kuona chini ya kizimba: maji yanapitia wapi, yanatuama wapi, na kama kuna mtu aliyeyafikiria kabla ya misumari kupigiliwa. Ninaandika kumsifu huyo anayeinama, kwa sababu kazi yake ikifanywa vizuri haionekani, na ikifanywa vibaya inanuka.

Kware, pale Ongata Rongai, huhitaji kumweleza mtu maana ya maji yaliyokosa njia. Mtaa umekaa kwenye mwamba, ule mwamba mgumu wa kijivu unaotoa mawe ya kujengea na kokoto. Mvua ya Aprili ikinyesha, maji hayazami. Hutafuta bonde, na yasipolipata hukaa kwenye vishimo mpaka jua liyahurumie. Ukienda Kitengela, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Kajiado, unakuta kinyume chake: udongo mweusi unaovimba ukilowa, unaopasuka ukikauka, na katikati ya hali hizo mbili unang'ang'ania viatu. Nyumba nyingi za Rongai zimeishi kwa mashimo ya maji taka na lori la kunyonya, na kila mpangaji huijua siku ambayo lori limechelewa. Watu wa hivi hawafundishwi kuheshimu mteremko.

Katika viumbe wote wanaoweza kuwekwa kizimbani, simjui anayempima fundi wa maji kuliko kinyonga. Kinyonga hana habari na bakuli. Umwekee maji yaliyotulia, anaweza kukaa kando yake na kiu yake. Porini hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani: umande wa alfajiri, mvua, ukungu uliojikusanya. Kwa hiyo anayemtunza hana budi kumnyeshea mvua ndani ya nyumba, asubuhi na jioni, na kila lita inayonyunyizwa ikishapita kwenye jani inakwenda chini. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana mnyama huyohuyo ana mapafu yasiyovumilia uvundo. Hewa nzito isiyotembea, yenye unyevu usiokauka, humletea maradhi ya njia ya hewa. Sakafu yenye matope huota kuvu na kulea bakteria wanaoshambulia ngozi na miguu. Anataka mvua, hataki tope.

Habari za vinyonga wetu kule Marekani zilianza na kiu. Mwaka 1972 kundi la vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya, wale ambao wanasayansi huwaita Trioceros jacksonii, lilifika Kaneohe katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa mtu mwenye duka la wanyama wa kufugwa. Walifika wamekonda, wamekaushwa na safari. Mwenye duka akawaachia kwenye uwanja wa nyumba yake wapate nafuu, nao walipoipata hawakungoja kurudishwa ndani. Vizazi vyao vimeenea visiwani mpaka leo, na wengi wa vinyonga wa aina hiyo wanaofugwa Marekani wana asili ya huko. Upande ule wa Oahu una mvua za mara kwa mara na milima inayoyapeleka maji baharini upesi. Ardhi yenyewe ilikuwa kizimba kizuri.

Hapa nyumbani mambo ni mengine. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumtoa kichakani na kumweka sebuleni bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Anayedhani sheria hiyo ni ya tembo tu akumbuke Mei 2025, mahakama ya Kenya ilipowatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela miezi kumi na miwili, kwa kukutwa na maelfu ya malkia wa sisimizi. Sisimizi hao walikuwa wamefungiwa kwenye vichupa vyembamba vyenye pamba ili wadumu safarini. Hata magendo yana fundi wake wa unyevu. Na hata bila sheria, majirani wengi wasingemtaka mnyama huyu karibu: katika masimulizi ya Wagikuyu na ya jamii nyingine nyingi za Kibantu, kinyonga ndiye mjumbe aliyechelewa na habari ya uzima, mauti yakamtangulia.

Kwa hiyo ustadi huu wa maji, Kware, utafute kwa sungura. Kizimba cha sungura kilichoundwa na anayejua kazi kina ghorofa mbili au tatu, sakafu ya weldmeshi inayopitisha kinyesi, na chini ya kila ghorofa bati laini lililoinamishwa kuelekea nyuma. Mkojo hukimbilia mfereji mdogo, kisha mtungini. Una soko lake, maana wakulima huuzimua kwa maji wakainyunyizia mboga. Basi mteremko wa bati si urembo, ni mapato. Bati likilala sana mkojo hutuama, amonia hupanda, na sungura huanza kupiga chafya hata kabla mwenye nyumba hajalalamika. Likisimama sana, vidonge vya kinyesi hubiringika vyote hadi mferejini na kuuziba. Kati ya makosa hayo mawili kuna kipimo ambacho fundi hukipata kwa mkono. Akitaka uhakika huchukua ile paipu angavu yenye maji wanayotumia wajenzi kusawazisha msingi. Mjenzi huitumia kutafuta usawa. Fundi wa vizimba huitumia kuhakikisha kwamba usawa haupo.

Kwa mwenye kibali, kizimba cha kinyonga ni kazi hiyohiyo, ila inadai umakini zaidi. Kuta zake ni wavu, pande zote au karibu zote, ili hewa ipite na majani yakauke. Hadiwea zetu zina waya ule wa trei za kukaushia kahawa, lakini kingo zake zilizokatwa lazima zikunjwe ndani ya fremu, la sivyo ncha zitachana kucha na vidole. Chini hakuna udongo. Jambo hili huwashangaza wanaoanza, kwa sababu picha waliyo nayo akilini ni ya msitu, na msitu una udongo. Msitu una pia minyoo, kuvu, mizizi na wadudu wasiohesabika wanaofanya usafi usiku na mchana bila mshahara. Wapo wafugaji wa ng'ambo wanaojaribu kuwaajiri wadudu hao ndani ya kizimba, na wachache hufaulu. Mimi namheshimu zaidi anayekubali kwamba kizimba si msitu, akaweka kipande cha plastiki ngumu, akakiinamisha sentimita mbili kwa kila mita, akatoboa tundu kwenye pembe ya chini kabisa na kuliunganisha na bomba la nusu inchi liingialo kwenye ndoo.

Hata hivyo plastiki ina hila zake. Ukiweka juu yake vyungu viwili vya mimea, inabonyea katikati, na maji yote uliyoyapangia kwenda pembeni yanakusanyika pale chungu kilipo. Maji hayasomi mchoro. Ama uitegemeze kwa ubao chini, ama uikubali ibonyee na utoboe tundu palepale inapobonyea. Suluhisho hili la pili ndilo ninalolipenda, maana linauacha mzigo wenyewe uonyeshe njia.

Sasa kokoto. Kulisema hili katika mtaa wa kokoto kunaweza kuonekana utovu wa adabu. Imani iliyoenea, kwa wapanda maua na wafugaji vilevile, ni kwamba ukitandaza kokoto chini ya chungu kisha ukajaza udongo juu, umeyapa maji njia. Hujayapa. Udongo una nafasi ndogondogo zinazoyashika maji kwa nguvu. Kokoto zina nafasi kubwa zisizo na nguvu hiyo. Maji yakifika mpakani hukataa kushuka mpaka udongo ulioko juu ya kokoto ulowe chepechepe. Kwa hiyo tabaka la kokoto haliwi mfereji, linakuwa dari, na lile eneo lenye maji ambalo lingekaa chini kabisa ya chungu linapandishwa mpaka kwenye mizizi. Anayetaka chungu kikauke atoboe matundu ya kutosha na achanganye udongo wake wote na kitu chenye chembe kubwa, kama pumisi ile wanayoitumia wakulima wa waridi wa Naivasha. Kokoto zibaki na kazi moja ya haki: juu ya udongo, mawe makubwa kuliko kinywa cha kinyonga, ili anaporusha ulimi kumnasa panzi asirudi na tonge la udongo.

Maji yenyewe huleta uchafu wake. Maji mengi ya visima vya Kajiado yana chumvichumvi, na birika la mtu wa Kitengela lina ukoko mweupe wa kulithibitisha. Ukoko huohuo huziba pua za chupa ya kunyunyizia, hutia majani madoa, na huganda kwenye wavu hadi hewa ikapungua. Siki huuondoa, pua ya chupa ikilowekwa humo usiku kucha hupona. Dawa bora ni maji ya mvua kutoka kwenye mabati, mradi manyunyu ya kwanza ya msimu yaachiwe yaende na vumbi lao. Kware kuna vumbi.

Usafi wa kila siku ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kinyesi huokotwa kwa karatasi mara kionekanapo, na kabla ya kutupwa hutazamwa. Kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe mfano wa chaki. Ile nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, mara nyingi ni kwamba mnyama hanywi vya kutosha, haidhuru sakafu imelowa kiasi gani. Nyenje walioachwa bila kuliwa huondolewa kabla ya usiku, kwa sababu nyenje mwenye njaa humtafuna kinyonga aliyelala, na nyenje aliyekula kinyesi humrudishia kinyonga vimelea vyake mwenyewe. Ndoo humwagwa kila siku, si kila wiki, kwani mbu wanaweza kukua humo hadi kuruka katika muda wa wiki moja hivi.

Kisha kuna usafi mkubwa, wa Jik, ile dawa ya klorini. Hapa wengi huanzia mwisho. Klorini ikikutana na uchafu humalizia nguvu zake kwenye uchafu huo, na vijidudu husalimika; ni lazima sabuni na brashi vitangulie, kisha Jik iliyozimuliwa, kisha maji mengi, kisha jua, huku mnyama akiwa kwingine. Jik haichanganywi na siki, wala haimwagwi juu ya mkojo wa sungura, kwa kuwa michanganyiko yote miwili hutoa hewa ya sumu. Na kizimba hakiletwi kwenye sinki la jikoni. Vinyonga, kama jamaa zao wengine wa jamii ya reptilia, wanaweza kubeba salmonela bila dalili yoyote, na watoto wa nyumba hawana uvumilivu huo.

Lakini nimemwona mtu anayesugua kila siku na banda lake bado linanuka, na mwingine ambaye brashi yake imekauka, banda lake halina harufu. Tofauti ilikuwa kwenye bati. Anayesugua sana mara nyingi analipa deni la mteremko ambao hakuuweka siku ya kwanza. Kwa kinyonga kipimo ni saa: nyunyiza, ngoja, kisha utazame. Majani yakikauka baada ya saa moja au mbili, kizimba kinapumua. Yakiwa bado yanadondosha adhuhuri, punguza maji au ongeza hewa, hata kama mnyama anaonekana kufurahia. Julai, wakati Rongai ina mawingu na baridi kuanzia asubuhi hadi jioni, hesabu hiyo hubadilika, na ratiba iliyofaa Februari huwa chanzo cha kikohozi. Mashine za kunyunyizia zenye saa zake hazijui Julai ni nini. Mtu anajua.

Kuna mahali pamoja ambapo fundi huyu hulazimika kuivunja kanuni yake. Kinyonga wa pembe tatu huzaa watoto walio hai, hana haja ya udongo. Lakini yule wa nyikani, Chamaeleo dilepis, hutaga, na jike mwenye mayai huteremka chini kuchimba. Asipopata pa kuchimba anaweza kuyazuia mayai tumboni mpaka yamuue. Kwa hiyo huwekewa beseni refu la mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha sentimita 30 hivi, wenye unyevu wa kutosha handaki lisiporomoke: ukiukamata kiganjani ushikamane, ila usitoe tone. Beseni hilo halitobolewi. Huwekwa kwenye kona ambayo mvua ya kizimba haiifikii, na yule aliyekuwa akiyafukuza maji mwaka mzima sasa huyaongeza kwa kijiko, akiuminya udongo kila asubuhi kuona kama umekaza au umelegea. Jike akishataga na mayai kuhamishwa, udongo humwagwa chini ya mti, mbali na mboga, na beseni huingia kwenye zamu ya Jik pamoja na vyombo vingine. Sabuni kwanza.